UZI: Kazi ya mwandishi wa vitabu vya watoto Unguja na Pemba, toka mswada mpaka mkononi mwa mtoto

#1 Kalamu ya Miembeni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum wanajamvi. Kila baada ya wiki mbili tatu huzuka hapa swali lile lile: "Nna hadithi ya watoto, niipeleke wapi?" Akajibiwa "peleka Dar", uzi ukafia hapo. Naufungua huu tuyaweke mambo pahala pamoja. Sharti ni moja: visa vya "mimi yalinikuta" tusivilete, vina nyuzi zake. Leteni vipimo, hatua, na pahala ambapo kazi huharibika.

Naanza na kosa linaloua miswada mingi kuliko yote. Watu huandika kitabu cha watoto kama insha, halafu wanangoja mchoraji aje akikatekate vipande. Kitabu cha picha huandikwa kwa kurasa. Chukua karatasi sita za A4, zilaze pamoja, zikunje katikati, piga pini mbili mgongoni. Hizo ni kurasa 24 za A5. Ukurasa wa 1 ni wa jina la kitabu, wa 2 wa haki na ISBN (nambari ya kukitambulisha kitabu), wa 3 hadithi inaanza, nao uko kulia. Toka hapo una jozi kumi za kurasa zinazotazamana, 4-5 mpaka 22-23, na wa 24 unabaki peke yake mwishoni. Matukio 12 basi. Hadithi yenye matukio 17 haiingii hapo hata uibane vipi, na yenye matukio 7 itamlazimisha mchoraji kuchora minazi ya kujazia.

Kurasa lazima zigawike kwa nne, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa huzaa nne. Ukileta 26 utalipia 28.

Kubwa zaidi ni kule kufunua. Swali liwekwe ukurasa wa kulia (namba witiri), jibu liwe kushoto baada ya kufunua. Chukueni kile kisa cha kima na papa ambacho kila mtu wa pwani anakijua. Ukurasa wa 13 papa, yuko katikati ya bahari, anafichua kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo mtoto anashika pumzi. Anafunua, wa 14: "Lo! Mbona hukusema mapema? Moyo wangu nimeuacha mtini." Sasa hayo mawili yaweke 12 na 13, yatazamane. Jicho la mtoto linakwenda kwenye picha kwanza, limeshamuona kima anacheka, na msomaji bado yuko kwa papa. Hadithi imeungua.

#2 Maalim wa Wete

Wa alaikum salaam. Hapo umenena, Sheikh. Naongeza la maneno mangapi.

Wengi wananakili kipimo cha vitabu vya Kiingereza, maneno 500 kwa kitabu cha picha. Kiswahili hakihesabiki hivyo. "Hawakunisubiri" ni neno moja, silabi saba. "Baba amekuja" ni maneno mawili, silabi sita. Mtoto wa darasa la kwanza hasomi neno, anasoma silabi, kidole kikitembea chini yake. Basi hesabuni silabi.

Kipimo cha kazi, si sheria: kwa maandalizi na darasa la kwanza, neno lisipite silabi nne, sentensi silabi 12, na sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Darasa la pili ruhusu silabi tano na sentensi tatu mpaka nne. Kuanzia la tatu unaweza kuandika aya, maneno 60 hadi 80 kwa ukurasa, na picha ikapungua.

Halafu herufi. Dh, gh, th, kh, ng', mbw na ngw mtoto huzifikia mwishoni. Kitabu cha msomaji wa mwanzo ambacho shujaa wake anaitwa Dhulkifli kinamkwamisha mtoto kila ukurasa, maana jina ndilo neno linalorudi kuliko yote. Juma, Moza, Tatu, Sele. Majina yapo tele.

Na kabla ya kupeleka popote, pimeni. Mpe mtoto asiyekijua kitabu akisome kwa sauti, wewe weka alama ya penseli kila anapokosea. Chini ya makosa 5 kwa maneno 100, atakisoma peke yake. Kati ya 5 na 10, atahitaji mtu pembeni. Yakizidi 10, kitabu hicho ni cha darasa la juu yake, usimlaumu mtoto. Alama zikirundikana pahala pamoja, tatizo ni sentensi yako hiyo.

#3 Ukhti wa Mkoani

Maalim shukran. Nna mswada wa bibi na mjukuu wanakwenda kuokota chaza siku ya bamvua (maji yanapotoka na kujaa kuliko kawaida), maneno 1,900. Naweka mwanzo wake muupige shoka:

"Siku moja palikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa akiitwa Mwanahamisi ambaye alikuwa akiishi na bibi yake karibu na bahari. Siku hiyo ilikuwa ni siku ya bamvua na maji yalikuwa yametoka sana, kwa hivyo bibi yake alimwambia kwamba wangekwenda pwani kutafuta chaza."

#4 Kalamu ya Miembeni

Ukhti, bamvua ndiyo lulu yako na umeifukia sentensi ya pili. Tazama:

Uk. 3: Maji yametoka.
Uk. 4-5: Yametoka mbali! Mashua zimelala ubavu.
Uk. 6: Bibi amebeba pakacha. Moza amebeba ndoo.
Uk. 7: "Twende, mjukuu wangu. Maji hayangoji."

Kwamba ni mtoto, kwamba anaishi na bibi, kwamba ni karibu na bahari, yote picha inasema. "Alikuwa akiishi", "aliyekuwa akiitwa", "ambaye" ni maneno ya kuburuta. Kwa darasa la kwanza yatoe yote. Mwanahamisi silabi tano, Moza mbili. Jina refu lina heshima yake, lakini kitabuni litarudi mara 30.

Na haraka ya hadithi itatoka kwenye maji yenyewe. Toka yanapokauka mpaka yanapojaa ni saa sita hivi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katikati yake ni maji mafu, yasiyotoka wala kujaa sana. Huku kwetu maji ya bamvua hukauka kwenye saa nne, saa tano asubuhi, basi mchoraji asikuletee machweo mekundu watu wako katikati ya pwani kavu. Panga: uk. 3 mpaka 13 maji yako nje, 14 yanageuka, kuanzia 16 kila picha maji yapande kidogo. Mtoto atayaona yanakuja kabla bibi hajasema.

Kiitikio nacho kisikosekane. Hadithi zetu zina wimbo katikati, wasikilizaji wakaitikia. Kiweke mara tatu, mara ya tatu kibadilike neno moja.

#5 Mchoraji wa Mkunazini

Sisi wachoraji hulaumiwa sana, lakini maelezo tunayopewa ni "chora mtoto yuko pwani". Mtoto gani, pwani ipi?

Taratibu iliyonyooka ni hii. Kwanza karatasi ya mhusika: Moza kwa mbele, ubavuni, kwa nyuma, akicheka, akilia, na urefu wake akisimama kando ya bibi. Bila hiyo, ukurasa wa 5 atakuwa na miaka mitano na wa 15 ameshavunja ungo. Pili, vijipicha vya penseli vya kurasa zote 24 kwenye karatasi moja, kila kimoja ukubwa wa kibiriti. Ubishi wote ufanyike hapo, maana kufuta ni bure. Tatu, penseli kamili kwa ukubwa halisi. Nne, rangi. Mwandishi akitaka kubadilisha kanga ya bibi baada ya rangi, hiyo ni kazi mpya na malipo mapya. Liandikwe mapema kwenye mkataba.

Sasa makosa, hasa mchoraji akiwa hakukulia visiwani. Ngalawa huchorwa na tengo moja, ule mti wa ubavuni unaoizuia isipinduke. Zetu zina matengo pande mbili, na tanga la pembe tatu hufungwa kwenye foromali, mti wa kushikia tanga, haliningʼinii moja kwa moja kwenye mlingoti. Kanga huchorwa maua matupu. Kanga ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani maneno yake. Lile jina watoto watalisoma, kwa hiyo usikubali herufi za kubabaisha. Chagua maneno, yahakiki tahajia. Karafuu huchorwa kahawia mtini, wakati huchumwa ingali kikonyo chenye vichwa vya kijani kinachoanza kupiga wekundu, na ukahawia huja baada ya kuanikwa juani kwenye majamvi siku kadhaa. Mtoto wa Konde akiona karafuu kavu inachumwa mtini anakifunga kitabu. Wakulima wa mwani huchorwa maji shingoni; kazi ile hufanywa maji yakiwa yamekupwa. Kima punju wa Jozani hupewa kidole gumba, naye hana cha maana. Na zile nywele nyeupe ndefu kuzunguka uso ndizo zinazomtambulisha. Popo wa Pemba hupewa masikio makubwa na kuning'inizwa pangoni. Yule ni popo wa matunda, uso kama wa mbwa, manyoya mekundu ya kahawia, mbawa zikinyooshwa hufika kiasi cha mita 1.6, na hulala mitini kama pale Kidike.

La kiufundi: acha theluthi ya ukurasa tulivu kwa ajili ya maandishi, mchanga au mbingu. Maandishi meusi juu ya buluu iliyokoza hayasomeki jioni kwenye taa ya koroboi wala mchana darasani. Uso wa mtu usikae kwenye mkunjo, acha sentimita moja kila upande. Picha zitoke nje ya mstari wa kukatia milimita 3 pande zote, vinginevyo kisu kikiyumba utaona uzi mweupe pembeni. Nukta 300 kwa inchi: A5 moja ni nukta 1748 kwa 2480, kabla ya hizo milimita 3.

Na jamani, msitume picha za kitabu kwa WhatsApp kama picha. Inazikamua. Zitume kama hati.

#6 Yakhe wa Darajani

Hapo kwa popo umenichekesha. Kuna kitabu mtaani popo wake anafanana na paka kavaa mwavuli.

#7 Fundichapa

Nichukue upande wa mashine.

Chini ya nakala 300 mpaka 500 nenda dijitali. Zaidi ya hapo ofseti, kwa sababu gharama kubwa ya ofseti ni pleti (mabamba ya kuchapia) na kuziweka sawa: rangi nne ni pleti nne kwa kila upande wa karatasi, na gharama hiyo ni ile ile uchape 500 au 5,000. Karatasi moja ya A2 pande mbili hubeba kurasa 16 za A5. Kwa hiyo kurasa 32 ni karatasi mbili kamili, kurasa 24 ni moja na nusu. Ulizeni bei zote mbili. Mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko mnavyodhani, na matukio manne ya ziada yanaokoa hadithi.

Karatasi: ndani gramu 115, jalada 250 au 300 lenye plastiki. Gramu 80 ya kawaida inapitisha picha upande wa pili. Uzito, kwa wanaopeleka Pemba kwa meli: kitabu cha A5 kurasa 24 kwa vipimo hivyo ni gramu 59 hivi. Nakala 1,000 ni kilo 59. Funga maboksi ya nakala 200, kilo 12 kila moja, mtu mmoja anabeba bila kulitupa.

Kinachoharibu vitabu vyetu ni unyevu. Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zikinyonya maji hutanuka kwa upana. Zikilala kukingama na mgongo, kitabu kinajikunja kama jani la mgomba lililokauka, na hakuna jiwe litakalokinyoosha. Kipimo chake rahisi: kata kipande cha mraba, lowanisha upande mmoja, kitajiviringisha kuwa kibomba. Kibomba kilivyolala ndivyo nyuzi zilivyolala, navyo vilale sambamba na mgongo wa kitabu. Mchapaji akibadilisha mwelekeo ili abane karatasi, mkatalieni.

Pini ziwe za waya uliopakwa zinki. Za waya mtupu masika moja tu zimeshika kutu na kuchora mstari wa kahawia katikati ya hadithi. Gundi mgongoni msiitamani: kurasa 24 hazifiki hata milimita mbili kwa unene, gundi haina pa kushika. Stoo, maboksi yakae juu ya mbao, sentimita 10 toka sakafuni na mbali na ukuta, kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Rangi: buluu ya bahari na kijani kibichi zinazong'aa kwenye simu haziwezi kutoka vile kwa wino. Taka sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ile ile kabla ya kusaini. Sampuli ya kwenye skrini haithibitishi kitu.

Maandishi nayo. Fonti iitwayo Andika, ya shirika la SIL, ni ya bure na imetengenezwa kwa wasomaji wa mwanzo. Herufi ndogo a na g zake ni zile za ubaoni, na I kubwa, l ndogo na 1 hazichanganyiki. Pointi 24 kwa darasa la kwanza, 18 la pili, 14 kuendelea. Panga kushoto tu, usinyooshe pande zote. Zima ukataji wa maneno mwisho wa mstari, maana programu inadhani ni Kiingereza na itakukatia "mwan-amke". Halafu pitia kila ng': programu hugeuza ile alama ikatazama upande siyo, na faili likihamishwa huanguka kabisa, "ng'oa" ikawa "ngoa". Tafuta moja moja, usitegemee jicho.

#8 Bi Tungule

Swali la lugha. Mhariri wa bara akibadilisha "tungule" ikawa "nyanya", "skuli" ikawa "shule", "mbatata" ikawa "viazi", mwandishi akubali?

#9 Kalamu ya Miembeni

Inategemea kitabu kinakwenda wapi. Kikilenga ithibati (idhini ya kutumika madarasani) ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tegemea "shule". Kikilenga Taasisi ya Elimu Zanzibar, "skuli" ndilo neno la serikali yenyewe, hakuna wa kukukosoa. Kanuni ya kazi: msimuliaji atumie Kiswahili sanifu, wahusika waseme kwao. Neno ambalo picha inalionesha halihitaji tafsiri. Tungule jekundu mkononi mwa bibi limeshajieleza. Maneno ya kienyeji yasizidi matano au sita, yaorodheshwe mwishoni mwa kitabu. Na ukibishana na mhariri, bishana na kamusi mkononi: BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, walitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha 2010, na mwaka 2012 wakatoa za lahaja, Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu.

#10 Bi Tungule

Sawa, lakini sikubali yote. Kwa nini siku zote mtoto wa Micheweni ndiye ajifunze "nyanya", na wa Mbeya asijifunze "tungule"? Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, halafu Kiunguja ndicho kinachoombewa ruhusa! Na "nyanya" pwani ni bibi pia. Andika "nyanya mbili zimeoza" halafu msomaji akosee upatanisho, kuna vizee viwili vimeshaoza.

#11 Maalim wa Wete

😂 Bi mkubwa huyo.

#12 Mwanasheria wa Vuga

Mikataba. Someni polepole, hapa ndipo mwandishi anapotoboka.

Hakimiliki si jambo la Muungano. Huku tuna COSOZA, chombo chetu cha hakimiliki, na sheria yetu ya 2003, bara wana COSOTA na sheria yao ya 1999. Haki yako inazaliwa pale unapoiandika kazi, haingoji usajili; usajili ni ushahidi siku ya ugomvi. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini cha uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hiki ni kitu cha kurithisha. Mkataba useme nani atapokea mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa.

Mrabaha wa asilimia 10 ni asilimia 10 ya nini? Tuseme bei ya jalada 6,000 na duka linakata asilimia 35. Duka linabaki na 2,100, mchapishaji anapata 3,900. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 600. Ya mapato halisi ni 390. Mkigawana nusu na mchoraji, 300 au 195. Kwa nakala 1,000 ni laki tatu au laki moja na elfu tisini na tano, na neno lililofanya hivyo ni "halisi". Tazameni pia kifungu cha mauzo ya jumla: mradi ukinunua nakala elfu kumi kwa bei karibu na ya kuchapa, mrabaha wa mapato halisi unakuwa vijisenti. Wekeni kima cha chini kwa kila nakala, kwa shilingi.

Vingine vya lazima. Muda, miaka mitano hadi saba, siyo "milele". Kifungu cha kurudishiwa haki kitabu kikikosekana sokoni miezi 12 baada ya wewe kuandika barua. Haki za sauti, dijitali na tafsiri ziorodheshwe moja moja. Usizitoe kwa "na nyenginezo zote". Taarifa mara mbili kwa mwaka yenye nambari nne: zilizochapwa, zilizouzwa, zilizoharibika, zilizoko stoo. Nambari hizo zisipojumlika, una pa kuanzia kuuliza.

Kuuza mswada moja kwa moja kwa mkupuo si dhambi, hasa vitabu vya miradi ya kusoma. Ila ufungwe kwa lugha moja na idadi ya nakala.

#13 Ukhti wa Mkoani

Na hadithi za mabibi? Kima na papa ni ya nani?

#14 Mwanasheria wa Vuga

Kisa chenyewe hakina mwenyewe. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi hizo hapa Unguja na kuzichapisha London 1870. Maandishi yale haki zake zimekwisha zamani. Unaweza kukisimulia upya utakavyo. Usichoweza ni kunyanyua usimulizi wa mwandishi wa juzi, na sentensi zake na mpangilio wake, ukasema "ni ngano tu". Ukikusanya kwa mzee, mrekodi kwa ridhaa yake, andika kijiji na tarehe, jina lake litajwe ukurasa wa 2 akitaka, na kama kuna fedha mkubaliane kabla.

Kuna na njia ya leseni huria, kama African Storybook ya Afrika Kusini na StoryWeaver ya India iliyoanza 2015. Hadithi inasomwa na kutafsiriwa bure popote. Lakini leseni ya aina ya CC BY inaruhusu yeyote kuichapa na kuiuza mradi akutaje, na ukishaitoa hairudi. Weka huko hadithi unayotaka ikutangaze, siyo ile unayotaka ikulishe.

#15 Mkutubi wa Maisara

Kwa ufupi ISBN: kwa Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na nambari zetu nyingi huanza 978-9976 au 978-9987. Kila umbo lina yake: jalada laini moja, jalada gumu nyingine, ya kielektroniki nyingine. Kurudia kuchapa bila mabadiliko, nambari ile ile. Msiweke ya kubuni. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12, mashine inaigundua papo hapo.

Halafu maisha yenyewe ya kazi hii, maana kichwa cha uzi kinasema hivyo na hakuna aliyeligusa. Kitabu kimoja cha kurasa 24, kikienda vizuri: mswada wiki sita hadi nane pamoja na majaribio kwa watoto, uhariri miezi mitatu, michoro miezi mitatu hadi minne, kuchapa na kusafirisha mwezi au zaidi. Karibu mwaka, kabla ya ithibati. Chukua hesabu ya Mwanasheria hapo juu, utaona kwa nini waandishi wa watoto hufundisha, huhariri, hutafsiri au huandikia redio. Hilo lisiwavunje moyo, lakini msiache kazi kwa kitabu cha kwanza.

Kinachojenga jina ni mfululizo. Andika miswada mitatu ya mhusika mmoja ndipo ubishe hodi. Mchapishaji analipia karatasi ya mhusika mara moja, na mtoto aliyempenda Moza wa bamvua atamtafuta Moza wa karafuu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Dar es Salaam 1991 uliwasaidia wengi kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka skuli, hatari ya mchapishaji ikapungua, ndiyo sababu mpaka leo wachapishaji huuliza kwanza, "kuna mnunuzi?" Mwenye jibu la swali hilo husikilizwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, baadaye iliongeza hadithi za watoto; someni masharti ya urefu na umri, miswada hutupwa kwa hayo tu.

Ziara za skuli: darasa moja, watoto wasiozidi 40, dakika 40. Nakala ya A5 mkononi mwa msomaji haionekani toka safu ya tatu. Tengeneza kitabu kikubwa cha A3, maandishi pointi 48 kwenda juu. Anza na "Paukwa!", wakishaitikia "Pakawa!" umewapata. Soma mara ya kwanza bila kusimama, ya pili wao waseme kiitikio, kisha wachore ukurasa walioupenda. Ukurasa ambao hakuna hata mmoja aliyeuchora, uutazame upya chapa inayofuata.

Mauzo yapo skuli zinapofunguliwa, na wiki mbili kabla ya Idi. Siku ya Idi yenyewe msihangaike kupanga meza kwenye viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja wala Tibirinzi, shilingi ya mtoto siku ile ina wenyewe: pembea na aiskrimu.

#16 Ukhti wa Mkoani

Shukran nyote. Nimeikata mpaka maneno 214. Mwisho wake huu:

Uk. 20-21: Maji yamefika magotini! "Kimbia, Moza!"
Uk. 22: Pakacha limejaa. Ndoo imejaa.
Uk. 23: Hatimaye, bahari nayo imejaa.
Uk. 24: (picha tu, Moza amelala, miguu ina mchanga)

#17 Kalamu ya Miembeni

Mashaallah. Uk. 23 toa "hatimaye", silabi nne za bure. Na mwambie mchoraji mashua za ukurasa wa 4 zionekane tena dirishani ukurasa wa 24, zimesimama.